Jengeni Kitu Kitakachosema Kabla ya Kuanguka

Haya ndiyo niliyoyasema Jumamosi asubuhi pale Mwanga, Kigoma, mbele ya mafundi ujenzi, wasaidizi wao na wanafunzi wa ufundi. Wengi walikuwa saiti siku hiyo, na wengine walioko Kasulu na Uvinza walishindwa kufika. Nimeyaandika yote kama yalivyotoka, isipokuwa michoro niliyochora ubaoni.

Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Mwakeye!

Wazee wangu, mama zangu, mafundi wenzangu, na ninyi vijana mliokaa kule nyuma, sogeeni mbele. Leo kuna vitu vya kushika kwa mkono.

Mimi ni binti wa Ujiji. Baba yangu alikuwa fundi wa boti. Kabla ya kupigilia mbao kwenye ubavu wa boti, aliijaribu kwanza. Aliilaza ncha zake mbili juu ya mawe, akaikanyaga katikati polepole, huku ametega sikio. Ikianza kulia, krr, krr, alishuka hapo hapo akaitazama upande wa chini. Siku moja nikamuuliza, baba, unasikiliza nini? Akanijibu: "Mwanangu, mbao ya kweli haikuvunjikii bila kukuambia. Inayovunjika kimya ndiyo inayoua watu ziwani."

Nimesomea uhandisi wa majengo, nimekokotoa bimu na nguzo kwa zaidi ya miaka 25, na sijakutana na mwalimu aliyenieleza kazi yangu kwa maneno machache kuliko hayo.

Ndugu zangu, kila kitu mnachojenga kinaweza kuvunjika. Zege linavunjika. Chuma kinakatika. Mninga, pamoja na sifa zake zote, unavunjika. Swali langu kwenu asubuhi hii ni moja tu, na nitalirudia mpaka mnichoke: siku kitakapovunjika, kitakuwa kimewaambia?

Tuanze chini kabisa, na neno msongo.

Nani hapa hajawahi kubeba dumu la mawese la lita 20? Hakuna aliyenyoosha mkono, nilijua. Mpini ukikatika mkafunga kamba nyembamba, ile kamba inakata vidole mpaka vinakuwa vyeupe. Mama anakwambia, pitisha kijiti. Unapitisha kijiti, maumivu yanapungua. Je, dumu limepungua uzito? Halikupungua hata gramu moja! Uzito ni ule ule, ila sasa umegawanywa kwa ngozi pana zaidi. Huo ndio msongo: nguvu, gawanya kwa eneo linaloipokea. Kidole hakijui dumu lina kilo ngapi. Kinajua kilo ngapi zimeangukia kila kipande kidogo cha ngozi yake. Zege ni hivyo hivyo, na nondo ni hivyo hivyo.

Shikeni hii, mpitishiane. Ni nondo ya milimita 12, ile yenye mbavu mbavu. Uso wake ukiukata una milimita za mraba 113. Ikiwa ni nondo ya daraja la 460, kila milimita ya mraba inaweza kuvutwa kwa nguvu ya nyutoni 460 kabla haijaanza kulegea, na nyutoni 10 ni karibu uzito wa kilo moja. Zidisheni. Ni zaidi ya tani 5, kwa kipande cha chuma kisichozidi kidole cha mwisho cha mkono wako.

Sasa kuna nondo inayouzwa kwa jina la 12, lakini ukiiweka kwenye kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, inasoma 10.5. Fundi anasema, aa, ni milimita moja na nusu, itatuvunjia nini? Fundi wangu, eneo linakwenda kwa kipenyo mara kipenyo. Umepoteza karibu robo ya chuma chako chote. Kwa lugha ya dukani, tajiri wako amelipia nondo 4 na wewe umepakia 3. Kila kundi la mafundi liwe na kalipa yake. Hilo siliombi kwa upole, nalisisitiza.

Twende kwenye kupinda, maana hapo ndipo nyumba zetu zinapoponea na ndipo zinapofia.

Kijana wa shati la bluu, njoo unishikie hiki kipande cha godoro. Ubavuni nimechora mistari ya wima kwa kalamu, yote imeachana sawa. Kishike ncha zote mbili, kikunje tumbo liende chini, kama bimu iliyoelemewa. Haya, semeni mnaona nini. Juu? Ndiyo, mistari imesogeleana, imebanana. Chini? Imeachana. Na katikati? Tazameni vizuri. Katikati iko vile vile, haijabanwa wala haijavutwa.

Mmeona? Kitu kimoja, kwa wakati mmoja, juu kinabanwa na chini kinavutwa. Mliokaa mbele mmelielewa kwa dakika moja jambo lililowasumbua wakubwa. Galileo Galilei, yule Mwitalia aliyetazama sayari, alichapisha mwaka 1638 hesabu ya bimu inayotoka ukutani. Aligundua mengi ya kweli, lakini alidhani uso wote wa bimu unavutwa. Hakuliona lile banio la upande wa pili. Wengine wakaja baada yake wakarekebisha kidogo kidogo, mpaka Mfaransa Claude-Louis Navier alipoipanga hesabu hiyo mwaka 1826 kwa namna tunayoifundisha hadi leo. Ni miaka 188! Kwa hiyo kijana, ukishindwa kuielewa leo mchana, usijione mjinga. Irudie kesho.

Hesabu hiyo inatufundisha nini sisi wa Mwanga na Gungu? Chukueni mbao ya 2 kwa 6. Mkiilaza bapa ivuke mtaro, ikakanyagwa, inabonyea. Mkiisimamisha kwa ubavu, mbao ile ile, uzito ule ule, bei ile ile, nguvu yake ya kupinda inakuwa mara 3, na ugumu wake wa kubonyea unakuwa mara 9. Kisa nini? Kwa sababu nyuzi zinazobeba ni zile za juu kabisa na za chini kabisa, na umeziweka mbali na ule mstari wa katikati usiofanya kazi. Kwenye bimu, kina, yaani kimo chake kutoka chini hadi juu, ni mali. Mtu anayepunguza kina cha bimu ili dari ipendeze, halafu akaongeza upana kufidia, amejidanganya.

Sasa zege. Zege la kawaida la nyumba zetu, likibanwa, linabeba nyutoni 20 au 25 kwa kila milimita ya mraba. Likivutwa, linabeba karibu sehemu ya kumi tu ya hapo. Jabali kwa kubanwa, chaki kwa kuvutwa. Ndiyo maana mtunza bustani mmoja wa Ufaransa, Joseph Monier, alipochoshwa na vyombo vya kupandia miti vinavyopasuka, alitia chuma ndani ya saruji, akapata hataza yake mwaka 1867. Kazi ya nondo tangu siku hiyo haijabadilika. Nondo inakwenda kupokea mvuto ambao zege haliwezi kuupokea. Basi iwekwe wapi? Iwekwe panapovutika! Bimu imelala juu ya kuta mbili, tumbo ndilo linalovutwa, nondo kuu zikae chini. Kibaraza kimetoka ukutani, hakina nguzo mbele, hapo mambo yamegeuka. Mgongo ndio unaovutwa. Nondo zikae juu.

Narudia. Kibaraza kinachoning'inia, nondo juu. Semeni na ninyi. Nondo wapi? Juu. Nondo wapi? Juu!

Nawasemesha hivi kwa sababu kuna mtu anachechemea mpaka leo, na nilikuwepo.

Nilikuwa na mwaka mmoja tu tangu nimalize chuo. Tulijenga safu ya maduka katika mji mmoja wa mkoa huu, mbele yake kibaraza cha zege kinachotoka mita moja na nusu, unene sentimita 12. Mchoro ulikuwa sahihi. Nondo zilikuwa za 12 kweli, nilizipima mwenyewe. Zilifungwa juu, sentimita mbili na nusu kutoka mgongoni, nikakagua, nikasaini. Kesho yake wakamwaga zege na mimi nikaenda kazi nyingine.

Mnajua kilichotokea. Mnajua, maana kinatokea kila wiki. Watu wakapita na makarai na toroli juu ya nondo. Nondo zilikuwa zimeshikiliwa na vitofali vichache vya saruji vilivyosimamishwa kwa ncha. Kila buti iliyokanyaga ilizishusha kidogo. Zege likamwagwa, likazifunika, uso ukasuguliwa ukapendeza. Hakuna jicho lililoweza kuona kwamba nondo zote sasa zimeshuka karibu na sakafu ya fomu, yale mabanzi yanayoshika zege bichi.

Wiki za kungoja zikapita. Mwenye maduka akataka ukingo wa matofali mbele ya kibaraza, aandike jina la biashara. Matofali yakapandishwa ukingoni wakati baadhi ya mirunda, zile nguzo za muda, bado ipo. Asubuhi ya kutoa mirunda iliyobaki, mama mmoja aliyekuwa akiuza maandazi pale mbele aliniita. Alikuwa amepanda kigoda kutundika turubai lake. Akaniambia, "Mwanangu, huku juu penye ukuta kuna ufa. Mwembamba kama unywele, lakini umekwenda moja kwa moja, wote." Nikachungulia kutoka chini. Nikamwambia, "Mama, hiyo ni lipu tu."

Nimekaa na maneno hayo miaka yote hii. Ile haikuwa lipu. Lile lilikuwa zege likisema, tena kwa sauti iliyosikiwa na muuza maandazi, na mimi mwenye cheti nikalikatiza.

Hapakupita saa moja. Mirunda mitatu ya mwisho ilipotolewa, kibaraza kilijikunja kama mlango, bawaba ikiwa pale pale penye ule unywele. Hakikulia. Mlio niliousikia ni wa matofali yakifika chini. Kijana mmoja, saidia fundi, alikuwa anakusanya mirunda. Mguu wa kushoto ulivunjika mara mbili. Vumbi lilipotulia nikaziona nondo zetu, safi, nzuri, zimechungulia penye mvunjiko, karibu na upande wa chini wa zege, hazijafanya kazi hata siku moja.

Tuhesabu pamoja. Nondo ilitakiwa iwe sentimita 9 na nusu juu ya upande unaobanwa. Ilikuwa sentimita 2 na nusu. Nguvu ya kibaraza ilishuka mpaka kama robo. Chuma hakikuibwa, saruji haikupunjwa. Nondo zilihama sentimita 7 tu, upana wa vidole vinne.

Tangu siku hiyo nina sharti moja. Nondo za juu zishikwe na viti vya nondo, yaani vipande vilivyokunjwa na kusimama kwa miguu yao wenyewe, vikae karibu karibu kiasi kwamba mtu mzito akikanyaga havilali. Mbao za kupitia ziwekwe juu ya nondo, mtu asikanyage chuma. Na fundi mkuu asiondoke zege likimwagwa. Ukaguzi wa jana haumsaidii mtu aliyekanyaga leo.

Nitawaletea mfano mkubwa zaidi, na mnaujua wote. Meli yetu ya Liemba. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikaletwa kwa bahari mpaka Dar es Salaam, kisha kwa reli mpaka hapa Kigoma, ikaungwa kwa ribiti, zile pini za chuma zinazogongwa kuunganisha bati. Wakati huo iliitwa Graf von Goetzen. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916 wakati wa vita, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Watu huzungumza habari za injini. Mimi huwaza mwili wake, zaidi ya mita 70 za bati la chuma, maana meli ni bimu.

Wazeni iko katikati ya ziwa, upepo wa kusini umechachamaa. Wimbi likiinuka chini ya tumbo lake la katikati, ncha zote mbili zinabaki zinaning'inia. Sitaha inavutwa, mkuku, yaani uti wa chini wa meli, unabanwa. Sekunde chache baadaye mawimbi mawili yameishika pua na tezi, katikati pamebaki shimo. Sasa mkuku ndio unaovutwa, sitaha inabanwa. Inapinda hivi, inapinda vile, usiku kucha mpaka Kasanga, na abiria amelala juu ya magunia ya dagaa hana habari.

Na kupinda huku na huku kuna hatari ya peke yake. Fundi nondo, simama. Ukitaka kukata waya wa kufungia na huna koleo, unafanyaje? Anaonyesha, tazameni mkono wake: unaukunja, unaurudisha, unaukunja, unaurudisha, mara ya sita au ya nane umekatika. Hukuuvuta, hukuupiga. Umeuchosha. Wahandisi nao husema hivyo hivyo, chuma huchoka. Dunia ilianza kuliona hilo kwenye reli. Tarehe 8 Mei 1842, ekseli ya injini ya treni iliyokuwa ikirudi Paris kutoka Versailles ilikatika, moto ukawaka, wakafa zaidi ya watu 50. Ekseli ilikuwa imebeba uzito ule ule mara nyingi bila shida. Mjerumani August Wöhler ndiye aliyetumia miaka kuzungusha ekseli kwenye mashine akihesabu mizunguko mpaka zikatike. Ninyi wa reli na wa boti mnahitaji siku yenu ya kulizungumza hili. Kwa leo shikeni hili tu: chuma kilichochoka huanza na ufa mdogo penye kona kali, penye tundu, penye welding mbaya, na usipoinama na tochi hutauona.

Sasa nirudi kwenye swali langu. Kitakuwa kimewaambia?

Vuteni nondo ya urefu wa mita moja. Mpaka inapofika ukomo wake wa kurudi ilikotoka, imerefuka milimita 2 na kidogo. Hapo ingekuwa ni chaki ingekuwa imekwisha. Lakini nondo njema haikatiki hapo. Inakubali, inaendelea kurefuka, sentimita 5 na zaidi, huku bado imeshika mzigo. Kati ya zile milimita 2 na hizo sentimita 5 ndimo mna uhai wa watu. Humo bimu inabonyea mpaka mlango unakwama, nyufa zinafunguka tumboni, vigae vinabanduka, mama mwenye nyumba anasema mbona dari limelegea. Wanatoka nje. Zege peke yake, likivutwa, kwenye mita moja linarefuka kama sehemu ya kumi ya milimita, kisha kwaheri.

Kwa hiyo mnadhani suluhisho ni kujaza nondo? Naona wengi mnaitikia. Hapana, wapendwa, na hili ndilo linalowashangaza mafundi wazuri. Ukijaza nondo nyingi mno tumboni mwa bimu ndogo, chuma hakitafika kulegea. Kitabaki kimekaza, na zege la juu ndilo litakaloshindwa kwanza, lipondeke ghafla, paa, bila kubonyea, bila ufa wa kuonekana mapema. Umeongeza gharama, umenunua kifo cha kimya. Mhandisi anayekuandikia nondo 3 hakufanyii ubahili. Anapanga nani atangulie kushindwa, na anataka atangulie yule anayepiga kelele.

Kuna kushindwa kwingine kwa kimya, nako ni mkato. Ringi zile, vyuma vyembamba vinavyozungushwa kufunga nondo, mnazoziona kama kazi ya kupoteza muda, zinazosogezwa kutoka sentimita 15 hadi 30 jioni ikifika, ndizo zinazozuia bimu kukatika mshazari karibu na nguzo. Na slabu, yaani sakafu ya zege, isiyo na bimu inaweza kutobolewa na nguzo yake, kama kidole kinavyotoboa chapati. Tarehe 29 Juni 1995 jijini Seoul, Korea Kusini, jengo la maduka la Sampoong lilianguka namna hiyo. Slabu zilikaa moja kwa moja juu ya nguzo. Nguzo zilikuwa zimepunguzwa unene, ghorofa ya tano ikaongezwa, mitambo mizito ya kupoza hewa ikaburutwa juu ya paa. Siku hiyo asubuhi nyufa zilionekana kuzunguka nguzo za juu. Wakubwa wakaitana kikao, wakafunga ghorofa ya juu, wakaacha wateja waendelee kununua chini. Jioni upande wote wa kusini wa jengo ukashuka. Walikufa watu 502. Na lile jengo lilikuwa limesema! Mkato hautoi muda mrefu, lakini siku ile ulitoa siku nzima.

Na Quebec, Kanada. Nipeni subira kwa kisa hiki, kwa sababu kinanigusa kuliko vyote.

Walikuwa wanajenga daraja la chuma juu ya mto Saint Lawrence, nafasi ya katikati mita 549, ambayo ingekuwa ndefu kuliko ya daraja lolote la aina yake wakati huo. Nafasi hiyo ilikuwa imerefushwa baada ya mchoro wa kwanza, na uzito wa daraja lenyewe haukukokotolewa upya inavyotakiwa. Agosti 1907, watu wa saitini wakaona vyuma vya chini, vile vinavyobanwa, vimeanza kupinda. Kimoja kilikuwa kimepinda kama milimita 19. Baada ya muda mfupi kilikuwa milimita 57. Kukawa na ubishi ofisini: labda kilikuja kimepinda kutoka kiwandani, labda kiligongwa. Kijana mhandisi wa saiti, Norman McLure, alipanda treni mpaka New York kumwona mhandisi mkuu mshauri, Theodore Cooper, aliyekuwa mzee na mgonjwa na hakuwa amefika saitini kwa miaka. Cooper alielewa. Alipeleka simu ya maandishi kwa kampuni ya ujenzi, mzigo usiongezwe. Lakini saitini hakuna aliyesimamisha kazi. Jioni ya Agosti 29, zamu ikikaribia kwisha, daraja lilianguka mtoni. Wafanyakazi 86 walikuwa juu yake. Walikufa 75.

Mafundi wenzangu, nani aliuona ule mpindo kwanza? Ni watu wa saitini, kama ninyi. Hesabu za Cooper zilikuwa New York. Macho yalikuwa Quebec.

Chuma kile hakikupondeka kwa kubanwa, kilijikunja. Nani ana chelewa? Asante mama, najua fagio la mchikichi halikosekani. Simamisha chelewa ndefu mezani, bonyeza kwa kidole. Inachomoka pembeni mara moja. Ikate nusu, bonyeza tena. Inakataa. Leonhard Euler wa Uswisi aliipatia hesabu mwaka 1744: ukipunguza urefu kwa nusu, inabeba mara 4. Sasa mfikirie mirunda yenu chini ya slabu. Mrunda wa mita 4, mwembamba, umesimamishwa juu ya tofali, haujafungwa popote, na juu yake kuna tani za zege bichi na watu kumi na toroli. Ile ni chelewa! Fungeni mbao katikati, pande zote mbili, ya mbele na ya ubavu. Ukiifunga katikati umekata chelewa, na mbao ya kufungia ni ile ile mliyoitupa pembeni.

Sisi wa Kigoma tuna sababu ya ziada. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 kwa sababu ardhi imepasuka na bado inaachana. Desemba 5, 2005 tetemeko la ukubwa wa 6.8, kitovu chake upande wa Kongo, lilitikisa ziwa hili. Walioko hapa wenye umri wanakumbuka. Nyumba ikitikiswa, kile kinachokubali kurefuka ndicho kinachobaki kimesimama. Tofali za kuchoma bila mkanda wa zege, au nguzo yenye ringi za kuhesabu, haitakubali chochote. Machi 29, 2013 jengo lilianguka Dar es Salaam, wakafa watu 36. Novemba 16, 2024 lingine likaanguka Kariakoo. Waliofukiwa walikuwa na mama, kama sisi.

Nimesema vya kutosha, na jua linapanda. Huko nje chini ya mwembe kuna bimu mbili ndogo nilizozimwaga siku 28 zilizopita. Mchanganyiko mmoja, kipimo kimoja, nondo idadi ile ile. Moja nondo ziko juu, nyingine ziko chini, na sijaziandika. Ubavuni nimezipaka chokaa nyeupe ili ufa uonekane hata ukiwa unywele. Tutazipakia matofali moja moja, ndugu yetu wa kalipa atapima zinavyobonyea, na mtu yeyote asipitishe mguu chini yake.

Wa kwanza kuuona ufa apige kelele. Nami nitasimamisha kazi.